Sitaki Hata Namba Yenu

Machi 4
Mvua imeanza leo, na leo hiihii kampuni ya simu imenifedhehesha mbele ya nchi nzima. Nilikuwa hewani redioni, nikijibizana kwa simu na msemaji wa wenye viwanda vya maji ya chupa. Nilikuwa nimemkaba. Nilimwacha ajisifu dakika nne ili nimmalize kwa sentensi moja, na sentensi yenyewe niliinoa tangu jana. Nikasema, "Ndugu wasikilizaji, huyu bwana anachotuuzia ni..." Kimya. Laini imekatika. Mume wangu, aliyekuwa akinisikiliza chumbani, akatoka na kusema yule bwana amecheka, halafu mtangazaji ameweka muziki.

"Muziki gani?"

"Wa harusi."

Miaka tisa mimi ni mteja wao. Nikawapigia huduma kwa wateja. Sauti iliyorekodiwa ikaniambia kuwa simu yangu ni muhimu sana kwao, nisubiri. Nimesubiri dakika arobaini na moja. Anayekwambia wewe ni muhimu kisha akakuacha mlangoni muda wote huo ni mwongo, na mwongo aliyejirekodi ni mwongo mvivu.

Machi 5
Mvua. Laini imekatika mara sita.

Machi 7
Mhariri wa gazeti amekubali: makala sita za Jumapili, kuhusu kwa nini watu wanahama kampuni za huduma, ziwe za simu, benki au bima, na wanakuta nini huko waendako. "Ila wasikilize watu kwanza," akasema, "usiwahutubie." Nikamwambia nilikuwa nawasikiliza watu kabla yeye hajaota ndevu. Akafunga daftari lake.

Machi 9
Nimehama! Acha niandike yote kabla furaha haijapoa.

Nilifika ofisini kwao saa tatu asubuhi. Foleni ilifika mlangoni, miavuli inachuruzika, sakafu imetandazwa maboksi ili tusiteleze. Nilikuwa na kikaratasi namba themanini na mbili na muda wa kutosha, nikaanza kuwahoji wenzangu. Mwalimu mmoja wa kike anahama kwa sababu kampuni inamtumia marehemu mumewe salamu za siku ya kuzaliwa, na cheti cha kifo amekileta mara mbili. "Mwaka jana walimtakia maisha marefu," akasema. Dereva wa lori anahama kwa sababu alipopiga simu kulalamika, kijana wa upande wa pili alikuwa anatafuna. "Si kwamba anatafuna, dada. Alimaliza kutafuna ndipo akanijibu." Nilitarajia wote waseme bei. Mmoja tu ndiye aliyesema bei.

Zamu yangu ikafika, kaunta namba tatu. Binti wa kaunta akanipa fomu ya kuhama na namba yangu. Siku tatu za kusubiri, na mstari wa kujaza sababu. Mstari mmoja! Miaka tisa niibane kwenye mstari mmoja?

"Kumbe ili niondoke na namba yangu mwenyewe lazima niwaombe ruhusa na kuwaeleza sababu?"

"Ni utaratibu tu, mama."

"Basi sitaki. Sitaki hata namba yenu. Ifungeni, muile!"

Foleni ikapiga makofi. Naapa, walipiga makofi. Yule binti akaniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Mama, una uhakika? Hakuna watu wako wanaoitegemea namba hii?" Nikamjibu kwa sauti ya juu ili na wa mlangoni wasikie, "Wanaonihitaji watanitafuta." Nikasaini. Nikavuka barabara, nikaingia kwa washindani wao, na baada ya nusu saa nilikuwa na namba mpya.

Nyumbani mume wangu aliuliza swali moja tu. "Na mama?"

Machi 10
Nimempelekea mama namba mpya. Anaishi bondeni, vyumba viwili, peke yake, na hataki kuambiwa habari ya kuhamia kwetu. Huu mwaka wa sita haoni. Lakini mama yangu alikuwa karani wa ubao wa simu miaka ishirini na sita, alikuwa anawaunganisha watu kwa mkono, na namba anazitunza vidoleni. Kisimu chake ni cha vitufe, wala hajawahi kukubali nimwekee majina. Kila asubuhi saa moja na nusu alikuwa ananipigia, tarakimu kumi, bila kukosea.

Nilimsimulia vita ya kaunta namba tatu mwanzo hadi mwisho, pamoja na makofi. Akasikiliza, mikono ameiweka mapajani.

"Kwa hiyo namba ile haipo."

"Nimeizika, mama."

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini tena?"

"Basi."

Nikamtajia mpya. Akaigonga mezani kwa vidole mara tatu kama anapiga kinanda, akasema sawa. Mwanamke aliyebeba namba za mji mzima kichwani hawezi kushindwa na tarakimu kumi.

Machi 12
Laini mpya inasikika utadhani mtu yuko jikoni. Mama hajapiga. Nimempigia mimi, nikamweleza mpango wa makala. Akasema sawa.

Machi 17
Makala ya kwanza imetoka. Nimewachana.

Machi 22
Barua zinamiminika, mhariri ananiletea kwa mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Fundi cherehani mmoja amehama kampuni ya simu mara tatu na kila aendako anakuta sauti ileile iliyorekodiwa, ya mwanamke yuleyule. "Nadhani," anaandika, "ni yeye anayenifuata." Mstaafu mmoja amehamisha akiba yake yote kwa sababu mlinzi wa benki ya pili humshika mkono kwenye ngazi. Hajui benki hiyo inatoza nini. Anamjua mlinzi. Mama mmoja amebadilisha saluni baada ya miaka kumi na minne, na msusi wake wa zamani hajui mpaka leo. "Sikugombana naye," anaandika. "Niliacha tu kwenda."

Hii ya saluni imenikasirisha. Kwa nini usiseme? Mtu amekukosea, mwambie! Nimeandika makala ya pili nzima dhidi ya wanaoondoka kimyakimya. Nimewaita waoga.

Aprili 2
Mvua siku ya nne bila kupumua. Mama hajapiga hata mara moja tangu nihame. Nampigia mimi, dakika tano kabla sijakaa kuandika. Namweleza yaliyotokea. Anasema sawa.

Mume wangu: "Na yeye anakueleza nini?"

Mimi: "Hajambo."

Aprili 14
Nimempigia mama saa moja na nusu. Simu inatumika.

Aprili 15
Inatumika.

Aprili 16
Inatumika. Saa mbili kasoro, bado. Hii ni hitilafu ya mtambo, na najua pa kuipeleka.

Aprili 18
Nimekwenda kwa kampuni mpya. Sikutegemea kurudi kaunta mapema hivi. Nimemweleza mhudumu: simu ya mama yangu, mwenye miaka sabini na tisa, asiyeona, kila asubuhi saa moja na nusu inadai inatumika, kwa dakika thelathini, arobaini. Irekebisheni.

Kijana akabonyezabonyeza, akaangalia kioo chake. "Mtambo mzima, mama. Labda anaongea."

"Anaongea na nani?"

"Mimi sijui, mama."

"Mimi ndiye mwanawe! Kaka yangu yuko ng'ambo na hupiga Jumapili. Anaongea na nani?"

Watu kwenye foleni walinitazama. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Aprili 21
Nimemuuliza mwenyewe, uso kwa uso. Akasema ndiyo, anaongea. Na nani? "Na mtu." Nikajua mara moja: matapeli. Wanawawinda wazee, wanawapumbaza kwa maneno matamu, kisha siku moja wanaomba namba ya siri ya benki. Nimemweleza mbinu zao zote, moja baada ya nyingine, na mifano kutoka magazetini. Mvua inapiga bati, ikabidi nipaze sauti.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Chai iko kwenye chupa."

Aprili 29
Makala ya tano ninaiandika kwa shida. Watu wameanza kujirudia, wala simaanishi kulalamika. Wanaandika kuhusu kampuni walikohamia, na mara nyingi si nzuri kuliko ya zamani. Mtandao uleule, foleni ileile. Lakini wanasema wamepumua. Mwalimu wa salamu za marehemu ameniandikia kuwa huko alikokwenda laini inakatika mara mbili zaidi. "Ila niliposema mume wangu amefariki," anasema, "yule dada aliniambia pole."

Nimekaa na sentensi hiyo dakika kumi. Kisha nimeandika kuhusu mitambo mibovu.

Mei 6
Niandike kwa mpangilio, nisije nikajidanganya kesho.

Saa nne asubuhi nilikuwa mezani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri kama inalipiza kisasi. Simu ikaita. Nikatazama kioo, na kwenye kioo ilikuwa namba yangu. Namba yangu mwenyewe, ile niliyoifuta, tarakimu kumi nilizozitoa kwa miaka tisa kwa kila mtu niliyemjua. Nilikuwa ninajipigia. Nilipokea kwa sababu sikujua mtu hufanya nini kingine.

"Shikamoo, dada," akasema mwanamume. "Usishtuke. Mama yuko hapa kwangu. Ni mzima, amelowa tu. Maji yameingia kwake."

"Wewe nani?"

"Mimi fundi mihuri, mtaa wa nyuma ya mahakama. Namba yako amenipa yeye, ameitaja bila kuwaza."

Nilifika sijui vipi, viatu mkononi. Ni chumba kimoja chembamba, meza chini ya dirisha, vipande vya raba, visu vidogo kama vya daktari, ukutani alama za mihuri ya kila ofisi mjini. Mama alikuwa kwenye kiti pekee chenye mgongo, amevaa koti la mwanamume, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, kikombe mkononi. Fundi ni mtu wa miaka arobaini hivi, na suruali yake ilikuwa inachuruzika hadi kiunoni.

Nikaanza. Siwezi kuficha, nilianza. Nikasema halmashauri itajibu, nikasema mfereji ule niliandika habari zake miaka mitatu iliyopita na ninayo nakala, nikasema diwani, nikasema mkandarasi...

Mama akamgeukia fundi. "Unaona?"

Fundi akainamisha uso. Alikuwa anajizuia kucheka.

"Naona nini?" nikauliza. "Mama, kwa nini hukunipigia mimi?"

"Mwanangu, maji yalikuwa magotini. Nikupigie, uanze na halmashauri?"

Nikaweka viatu chini, nikaongeza maji ya moto kwenye beseni.

Yaliyobaki nilielezwa na fundi, huku mama akinyoosha pale alipokosea. Namba yangu ilikaa siku thelathini, kisha kampuni ikaiuza upya, akaipata yeye mwezi wa nne. Asubuhi ya kwanza tu, saa moja na nusu, ikaita. Mama alidhani bado haipo, alikuwa anaipiga tu kila siku kumsikia yule mwanamke wa mtambo akisema haipatikani. Mazoea ya vidole. Siku hiyo akapokea mtu. Mama akasema samahani nimekosea namba. Fundi akasema hujakosea, mama, nadhani mwenyewe amehama. Kisha akamuuliza, huko kwako mvua ikoje?

"Akaniuliza," mama akasema, akinielekezea kikombe. "Mvua ikoje."

Basi akamweleza. Na kesho yake akapiga tena, safari hii kwa makusudi. Leo maji yalipoingia alimpigia yeye, akamwelekeza njia kona kwa kona kama alivyokuwa akielekeza simu, na mtu ambaye hawajawahi kukutana naye akafunga duka, akashuka bondeni, akambeba mgongoni.

Namba yangu mpya mama alikuwa nayo kichwani tangu Machi 10. Kwa wiki nane aliijua yote. Hakuipiga.

Mei 7
Mama yuko kwetu mpaka nyumba ikauke. Sina la kuandika.

Mei 9
Ninalo. Saa moja na nusu alipapasa ukuta mpaka barazani, akakaa, akapiga. Nilisimama nyuma ya mlango, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, sikio kwenye ubao. Mume wangu alinipita na kikombe chake, akatikisa kichwa.

Mama alikuwa anasimulia siku niliyozaliwa. Alikuwa zamu ya ubao, peke yake, mwenzake hajafika. Uchungu ulimshika saa mbili, na kulikuwa na ajali ya treni, kila mtu mjini anatafuta mtu wake. Hakuweza kuondoka. Aliunganisha simu kwa saa tano, anauma kitambaa, na katika kila simu akisema "subiri kidogo, ndugu" kwa sauti ya kawaida. Waliokuwa wakipiga hawakujua. Nilizaliwa kwenye chumba cha betri, chini ya ubao, na simu zinaita.

Alicheka. Akasikiliza kidogo, akaendelea.

Miaka hamsini na mbili. Nimeandika vitabu vinne kuhusu haki za wafanyakazi wanawake, nimewanukuu wanawake wa mabara matatu. Sikujua nimezaliwa kazini.

Mei 12
Nimemfuata fundi mihuri. Nilikwenda na hasira, ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Nataka namba yangu."

Hakuinua macho, alikuwa anachonga. "Chukua, dada. Twende hata leo tukabadilishe, mimi nitapata nyingine." Akapuliza unga wa raba. "Ila nyingine hiyo nitampa mama."

Nilikaa kwenye kile kiti chenye mgongo. Nikamuuliza huwa anamwambia nini, kila asubuhi, dakika arobaini.

"Simwambii kitu. Muhuri unachongwa kinyume, herufi ya mwisho inaanza. Ukiongea, unakosea, raba yote unatupa. Kwa hiyo naweka simu pale, sauti juu, nachonga. Yeye anaongea. Akinyamaza, namuuliza 'ikawaje?' Basi."

"Ndiyo hayo tu?"

"Ndiyo hayo tu. Wiki nne hizi sijaharibu hata muhuri mmoja."

Nilitafuta kosa lake. Nilitafuta kwa bidii, nina uzoefu. Nikaondoka bila namba.

Mei 15
Mvua nyepesi. Makala ya sita ni Jumapili. Karatasi iko tupu.

Mei 16
Nimemuuliza. Alikuwa anapasua njegere barazani, kwa vidole, upesi kuliko mtu anayeona. Nilijizuia kutanguliza utangulizi.

"Mama, kwa nini ulinihama?"

Akaendelea kupasua. "Mimi sikuhama. Nimepiga namba ileile. Aliyehama ni wewe."

"Lakini mpya ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Sasa?"

"Sasa nikupigie nisikie nini ambacho sikusoma gazetini? Maana hata gazeti husomewa, na naweza kumwambia msomaji aruke." Ganda likaanguka, akaliokota bila kupapasa. "Sina ugomvi na wewe. Unanipigia kila siku, unaniletea dawa, watu wananiambia una bahati, mwanao ana sauti. Nakubali. Una sauti. Nilikaa ubaoni miaka ishirini na sita, mwanangu. Najua laini iliyo wazi upande mmoja tu. Haiharibiki. Haikatiki. Ila huwezi kuongea nayo."

Nikafungua kinywa. Nikakifunga. Ilikuwa mara ya kwanza, na iliuma kwelikweli.

"Mwaka gani ilianza?" nikauliza hatimaye.

"Unauliza kwa ajili ya makala?"

"Hapana."

Alinitajia mwaka. Sitauandika hapa.

Mei 19
Makala imetoka. Nimewaomba radhi wale niliowaita waoga, yule wa saluni kwanza. Nimesema anayepiga kelele kaunta bado anaitaka kampuni ile, anataka isikie. Wa kuogopwa ni anayesema sawa. Mhariri alipiga simu kuuliza kama naumwa.

Mei 24
Nyumba ya bondeni imekauka, tumepaka rangi upya. Nilimsihi abaki kwetu. Nilimsihi mara moja, nikaacha. Amerudi kwake. Asubuhi ni za fundi, ametangaza wazi, wala hatazibadilisha.

Mei 25
Jua. Mama hajapiga. Sikumpigia. Nilitaka kujua kama naweza.

Mei 26
Hajapiga. Mume wangu amenificha simu, kisha akanirudishia kwa huruma.

Mei 28
Saa nane mchana nilikuwa naanika mazulia. Simu ikaita, nikadhani mhariri. Ilikuwa namba ya mama.

Hakunisalimu. Alisema fundi amemsomea makala yangu, na aya ya pili ina uongo. Eti nimeandika kwamba makarani wa ubao walikuwa wanasikiliza mazungumzo ya watu. Nani kaniambia? Nani? Wao walikuwa watu wa kiapo! Kulikuwa na mwenzao mmoja tu, mrefu, mwenye mwanya, aliyewahi kusikiliza, na alisikiliza kwa sababu, na sababu yenyewe ni kisa kirefu.

Nilikuwa na ushahidi. Nina kitabu rafuni, ukurasa naujua. Nikaketi chini, juu ya zulia bichi, nikaushika mdomo wangu kwa mkono kama mtu anayezuia mlango.

Alisimulia mpaka kivuli cha ukuta kikanifika. Mahali fulani katikati, alinyamaza ghafla.

"Upo?"

"Nipo, mama."

"Basi nyamaza hivyohivyo. Sijamaliza."